Mwalimu akinyamaza kiti cha nyuma: yaliyonikuta kwenye glaida Julai

Binti Marangu:

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu mnivumilie, nimekaa na hili jambo toka Julai na kila nikianza kuliandika naishia katikati.

Kwa asiyenijua, mi ni mzaliwa wa Marangu, niko Ujerumani mwaka wa sita, kazi yangu uuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wikiendi nikiwa sina zamu naenda klabu ya glaida. Glaida ni ndege isiyo na injini, mabawa marefu membamba. Hii tunayofundishiwa ni ASK 21, ncha ya bawa hadi ncha ni mita 17, ina viti viwili kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Hilo la mwalimu kukaa nyuma lishikeni maana ndo kiini cha uzi mzima.

Watu wananiuliza hela natoa wapi, muuguzi na mambo ya ndege. Huku klabu zinaendeshwa na wanachama wenyewe, unakata nyasi, unaosha mabawa, unavuta kamba, na walimu hawalipwi hata senti, wanajitolea. Wajerumani ndo wenye mchezo huu, kule mlima Wasserkuppe wanarusha glaida toka miaka ya 1920. Na kwa kuwa ni kujitolea, walimu wengi ni wastaafu. Wangu alikuwa na miaka 70 na ushee, mzee mpole, mikono mikubwa kama ya mchonga mawe, kanifundisha toka sijui hata kufunga mkanda.

Siku yenyewe Jumamosi, jua kali, nyuzi 33. Tunarushwa kwa winchi, yaani mwisho wa uwanja kuna mashine inavuta kamba ndefu kwa nguvu, sekunde chache tu uko juu umelalia mgongo unaangalia mawingu, ukifika kama mita 400 kamba inaachia afu kimya. Unasikia upepo tu unapita kwenye kioo. Kwa urefu huo usipopata hewa ya joto ya kukunyanyua una dakika tano sita uko chini, na hamna kurudi juu kujaribu tena, injini huna.

Huo ulikuwa mruko wetu wa tatu mfululizo, na mimi kwa jumla nilikuwa na miruko 34. Kamba ikaachia, nikashusha pua, nikaweka kasi ya kilomita 95 kwa saa. Nikauliza, nigeuke kushoto sasa? Kimya. Hapo naomba mnielewe, kimya cha mwalimu kwa mwanafunzi wa glaida ni sifa. Ukikaribia kuruhusiwa kuruka peke yako walimu wananyamaza makusudi waone utafanyaje, wenzangu wote waliambiwa hivyohivyo, "akinyamaza jua unafanya vizuri". Nikafurahi kabisa moyoni. Nikageuka.

Kwenye kioo mbele ya macho yako kuna kiuzi chekundu cha sufu kimebandikwa, kikikaa katikati ndege inakwenda sawa. Siku hiyo mkia wa hicho kiuzi ukaanza kwenda kulia. Nikakanyaga pedali ya kushoto, ngumu. Nikakanyaga tena, inarudi kinyume kama kuna mtu anashindana na mimi. Nikasema, mwalimu unashika wewe? Kimya. Nikasikia sauti moja ya pumzi nzito, ile ya mtu aliyelala akakoroma mara moja akaacha.

Ile sauti naijua wakuu. Naisikia kazini usiku. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelegea juu ya pedali, uzito wote umekaa pale, na pedali zake na zangu zimeunganishwa.

Sikumwona. Kugeuka nyuma na mikanda mitano pamoja na parashuti mgongoni huwezi, na hata ungeweza, ukigeuka nani anaruka? Kilichotuokoa ni mikanda yake ya mabega, alikuwa mtu wa kukaza sana, mwili wake ulibaki umeegemea kiti. Angeangukia mbele kwenye fimbo ya kuongozea pua ingeshuka na mimi nisingekuwa na nguvu ya kumwinua, maana fimbo yake na yangu zimeunganishwa.

Nikabonyeza redio nikasema mwalimu hajibu, mwalimu hajibu, natua. Msimamizi wa uwanja akaniambia neno moja tu, "ruka". Yaani endelea kuruka, mengine sisi. Nikavuta kishikio cha kijani, hicho ni cha trimu, nikaweka ndege ishike yenyewe kasi ya 100. Mguu wa kushoto umekakamaa kwenye pedali hadi unatetemeka. Mita 200 nikiwa sambamba na uwanja, nikageuka, nikageuka tena, nikavuta kishikio cha bluu breki za hewa zikachomoza juu ya mabawa, nikatua mbali kupita alama kama mita 150, nikavuta hadi mwisho gurudumu likashika, bawa likalala kwenye nyasi.

Tulimtoa watu wanne. Kumtoa mtu mzima kiti cha nyuma ni shughuli, mkanda wa kiti, afu mkanda wa parashuti, afu kiti chenyewe kiko chini kama shimo. Tulipomlaza na kumnyanyua miguu akafumbua macho akaniuliza umetua wapi. Hospitali wakasema presha ilishuka ghafla: dawa za presha, joto, na toka asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha kahawa tu.

Mzee yuko hai, mzima. Lakini mi naomba tuongelee hili, maana kwenye miruko yangu 34 nilifundishwa kamba ikikatika, ndege ikipoteza mnyanyuko, ikizunguka kama pia. Mwalimu akizimia sikufundishwa hata dakika moja.

Kijana wa Tabata:

Dah dada pole sana, nimesoma huku mkono uko mdomoni. Swali la mtu asiyejua, hao walimu hawapimwi afya?

Binti Marangu:

Asante kaka. Wanapimwa. Ulaya huku rubani wa glaida lazima awe na cheti cha daktari, chini ya miaka 40 kinadumu miezi 60, ukivuka 40 ni kila miezi 24. Mwalimu wangu chake kilikuwa hai kabisa. Marekani kwa glaida hawadai cheti cha daktari, rubani mwenyewe ndo anapaswa kujizuia akijua ana tatizo linalomfanya asiwe salama. Sasa cheti kinasema siku ile ulipoenda kupimwa ulikuwa mzima, hakisemi Jumamosi saa nane mchana ndani ya kioo utakuwaje. Ule mfuniko wa kioo ni kama banda la plastiki la nyanya, ukisubiri zamu yako ya kamba dakika kumi umefungiwa ndani shati lote limelowa.

rubani_kiti_cha_kulia:

Dada hongera sana, na nasema kama mtu wa kazi hiyo, ni msaidizi wa rubani ndege za abiria hapa Nairobi. Wewe ulifanya bila kufundishwa kitu ambacho sisi tunafundishwa. Kwetu kuna kanuni ya miito miwili: mwenzako usipomsikia akijibu mara mbili mahali anapopaswa kujibu, unamchukulia hawezi kuruka, unashika ndege. Huulizi kwanini, hutafuti ugonjwa gani. Ndege kwanza.

Na kanuni hii ina damu nyuma yake. Juni 18, 1972 ndege ya BEA, shirika la ndege la Uingereza, aina ya Trident iliondoka London kwenda Brussels ikaanguka Staines dakika chache tu baada ya kuruka, watu 118 wote wakafa. Uchunguzi wa maiti ulikuta rubani mkuu mishipa ya moyo ilikuwa na ugonjwa na kulikuwa na mpasuko mpya kwenye mmoja. Vifaa vya mbele ya bawa vinavyosaidia ndege kuelea ikiwa na kasi ndogo vilirudishwa ndani mapema mno. Marubani wengine mle ndani walikuwepo wazima na ndege ikaanguka. Hapo ndo watu wakaanza kuongelea kwa uzito hali ya mtu kupungukiwa taratibu, hajaanguka, hajapiga kelele, macho yako wazi, ila akili haipo. Hiyo ni mbaya kuliko kuzimia kabisa sababu huioni.

Binti Marangu:

Mkuu nashukuru sana, hiyo ya kupungukiwa taratibu imenigusa. Nikirudisha kumbukumbu, mruko wa pili mzee aliniambia kitu kimoja mara mbili, neno kwa neno. Nikaona ni msisitizo. Kazini mzee akirudia sentensi hivyo mi nampima presha na sukari hapohapo, lakini nikivaa parashuti naacha uuguzi wangu kwenye gari, nakuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hamkagui mwalimu wake.

Fundi Mkwaju:

Mi nitaongea lisilopendwa. Mzee wa miaka 70 na kitu anaenda kufanya nini na watoto wa watu angani? Wekeni ukomo, 65 basi, apumzike afundishe darasani. Tukisema tunaambiwa hatuna adabu kwa wazee.

Binti Marangu:

Kaka Fundi siyo kukosa adabu, ni hoja na hata mi nililiwaza wiki mbili za mwanzo, usingizi sipati. Ila nikuambie ninavyoona sasa. Ukiwatoa wenye zaidi ya 65 klabu nyingi zinafungwa, maana nani mwingine ana Jumamosi nzima ya kumpa mtu bure? Na wenye miaka 30 nao wanazimia. Rubani wa glaida anajinyima maji makusudi maana juu hamna choo, kijana kwa mzee, na ukitaka kukaa juu saa nne tano ndo kabisa. Kuharisha, chakula kibovu, dawa ya mafua, sukari kushuka, hivyo havina umri. Na pia mwanafunzi anayejua kutua na mzee wa miaka 75 nyuma yake wako salama kuliko mwanafunzi asiyejua chochote na mwalimu wa miaka 28. Mi nataka tumtazame na yule wa mbele.

Daktari wa Zamu:

Nichangie upande wa tiba. Dada yuko sahihi kuhusu umri ingawa siyo kwa asilimia mia, hatari ya moyo inapanda na umri na hiyo tusiifiche. Kwenye udaktari wa anga kuna kipimo kinaitwa kanuni ya asilimia moja: rubani wa ndege yenye marubani wawili anakubalika kama uwezekano wake wa kuzidiwa ghafla hauzidi asilimia 1 kwa mwaka. Hesabu yote inasimama kwa kuwa yupo wa pili anayeweza kuchukua ndege. Sasa mwanafunzi wa mruko wa tano siyo rubani wa pili, ni abiria aliyekaa mbele. Hapo ndo mafunzo ya glaida yanapokaa pabaya, kwa macho wako wawili, kwa hesabu yuko mmoja.

Kwa marubani wa mashirika, kinachowaangusha mara nyingi zaidi ni tumbo, siyo moyo. Na kuhusu dawa, bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, mwaka 2014 ilitoa utafiti wa marubani waliokufa kwenye ajali, na dawa yenye kuathiri akili iliyoonekana zaidi ilikuwa difenhidramini, hii ya mafua, mzio na usingizi unayonunua dukani bila cheti. Watu wanaona ni kidonge cha mafua tu. Kinalaza.

Dada swali: mlikuwa na mashine ya kushtua moyo uwanjani?

Binti Marangu:

Ipo daktari, ila ilikuwa ofisini, ofisi imefungwa, funguo anazo mtu aliyekuwa kwenye winchi upande wa pili wa uwanja, karibu kilomita nzima. Ungekuwa moyo umesimama tusingewahi. Sasa hivi inakaa kwenye gari la kurushia, mlango hauna kufuli.

Nyeri_Juu:

Nimefurahi kuona uzi wa glaida kwa Kiswahili. Huku kwetu Mweiga karibu na Nyeri kumekuwa na klabu ya glaida, upande wa Aberdare. Mie niongeze jambo moja, hewa. Nyeri tu penyewe uko mita zaidi ya 1,700 kabla hujaruka. Ukishika upepo wa mlima ukakupandisha juu hewa inakuwa nyembamba, na mtu aliyepungukiwa oksijeni hajisikii mgonjwa, anajisikia vizuri, anacheka. Sheria ya Marekani inataka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 12,500, na akipita 14,000 muda wote. Na glaida zinafika mbali, ile ya Perlan 2 mwaka 2018 kule Argentina ilipanda zaidi ya futi 76,000, ila ile ina chumba chenye shinikizo la hewa. Za kufundishia hazina. Mwalimu na mwanafunzi wakipungukiwa wanapungukiwa pamoja, hapo hata miito miwili haisaidii.

Kijana wa Tabata:

Hivi imeshatokea kwingine au ni bahati mbaya ya dada tu?

rubani_kiti_cha_kulia:

Imetokea mdogo wangu. Agosti 2019 karibu na Perth, Australia, mwanafunzi kwenye ndege ndogo ya Cessna 152, mwalimu wake akazimia, yule kijana hajawahi kutua ndege. Mwongozaji wa ardhini akamshika mkono kwa redio hadi akatua uwanja wa Jandakot. Lakini yeye alikuwa na injini na mafuta, aliweza kuzunguka muda mrefu mpaka atulie. Dada yetu alikuwa na dakika chache.

Inayoniumiza zaidi ni ya Blackpool, Uingereza, Juni 29, 2022, ndege ndogo ya PA-28. Rubani mwenye leseni alimwomba mwalimu amsindikize sababu ya upepo. Baada ya kuruka kichwa cha mwalimu kikalala nyuma, yule rubani anamjua vizuri, akadhani anamtania anajifanya amelala. Kwenye kona ya kuja kutua mwalimu akamwegemea begani. Bado akadhani utani. Akatua, akaanza kurudi maegesho, ndo akashtuka. Moyo ulikuwa umesimama. Na hapo walikaa bega kwa bega, wanaonana.

Binti Marangu:

Hiyo ya Blackpool niliisoma mwezi Agosti nikalia sana, kwa sababu yule rubani ni mimi. Mimi nilifurahia kimya, yeye aliona utani. Tulikuwa na maelezo mazuri tayari mkononi, tukayatumia.

Kazini kwangu mzee akikaa kimya chumbani kupita kawaida yake unaenda, hausubiri akuite. Hamna muuguzi anayesema amenyamaza basi yuko vizuri. Nimeenda klabu nikawaomba tuache kabisa kusifiana kwa kimya. Mwalimu akitaka kunyamaza amjaribu mwanafunzi aseme kabla, "kuanzia sasa sisemi, ila ukiniita jina nakujibu". Basi. Ukimwita mara mbili hajibu, ndege ni yako.

Na kabla ya mruko wa kwanza kabisa, ndege ikiwa bado chini kwenye nyasi, mtoto aonyeshwe rangi. Kijani trimu, bluu breki za hewa, manjano kuachia kamba, nyekundu ni ya kutupa mfuniko wa kioo hiyo usiguse. Rangi hizo ni karibu kila glaida. Glaida iliyowekwa trimu vizuri ukiachia mikono inaruka yenyewe, ni ndege yenye huruma sana, mwanafunzi wa siku ya kwanza akijua hilo tu na kitufe cha redio ana nafasi. Akiwa anavutwa na ndege nyingine avumilie nyuma yake mpaka apate urefu wa kurudi uwanjani ndo aachie. Kwenye winchi ndo pagumu, pua iko juu sana, mwalimu akizimia pale katikati mwanafunzi lazima kwanza ashushe pua, aachie kamba, asubiri kasi irudi, na huo ni mwendo wa sekunde mbili tatu. Kwahiyo mi naona mwalimu aseme maneno wakati wote wa winchi, hata "sawa, sawa, sawa". Wangu wa sasa anafanya hivyo. Sauti yake ikikatika najua.

Fundi Mkwaju:

Nimesoma yote. Narudisha kauli yangu ya ukomo wa miaka, siyo yote, ila hoja ya mwanafunzi wa mbele imeniingia. Mdogo wangu anasomea ndege ndogo huko Afrika Kusini, leo nampigia nimuulize kama amefundishwa.

Daktari wa Zamu:

Muulize pia anakunywa maji kiasi gani na anameza nini.

Kijana wa Tabata:

Dada na mzee mwenyewe sasa anaendeleaje? Bado anafundisha?

Binti Marangu:

Aliacha mwenyewe kufundisha, hakusubiri kuambiwa. Nilipomtembelea nyumbani hakuongelea kuzimia, aliniuliza mbona nilitua mbali vile, kasi ilikuwa ngapi. Nikamwambia 100. Akasema sawa, kwa siku ile 100 ilikuwa sawa.

Septemba nikaruka peke yangu mara ya kwanza. Yeye ndo alikaa kwenye meza ya kurushia na daftari, kando yake kreti ya chupa za maji, na hamna anayefunga mkanda kabla hajanywa mbele ya macho yake, walimu ndo wa kwanza. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, mikanda yake tumeifunga isicheze. Nilipofika juu kamba ikaachia, kukawa kimya, nikabonyeza redio nikasema niko salama. Akajibu hapohapo.

Nyeri_Juu:

Asante kwa kuandika, dada. Nimeutuma kwa wenzangu.